Uliyeuliza kuhusu Chlorella na nanomita 680, usianze bado

Mkuu, zima hiyo spektrofotomita (mashine inayopima mwanga unaozuiwa na sampuli) kwanza. Umesema umechora mstari wa kalibresheni (wa kugeuza namba ya mashine kuwa idadi ya seli) kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 680 siku ya nne, chupa zikiwa kijani kibichi, na sasa unataka kuunyima huo mwani wa seli moja, Chlorella, nitrojeni huku ukisomea mstari uleule hadi mwisho. Nilifanya hivyohivyo. Muhula mzima ukaenda na maji.

680 inafuata klorofili, ile rangi ya kijani, haihesabu seli. Nitrojeni ikiisha, Chlorella huanza kuvunja klorofili yake yenyewe, chupa inageuka njano kama juisi ya embe iliyozimuliwa. Spektrofotomita yangu ikawa inashuka: 0.38, 0.31, 0.22. Nikaandika "vifo" kwenye daftari, tena kwa wino mwekundu, nikamwaga chupa 6 kwenye sinki. Nikaanza upya. Yakawa yaleyale, nikamwaga tena. (Bomba la maabara ile lilinenepa kuliko mimi.)

Mara ya tatu, kwa kukata tamaa tu, nikaweka tone kwenye hemositomita, kile kioo chenye miraba cha kuhesabia seli kwa darubini. Seli zimejaa tele! Mviringo, zimepauka, zimeshiba mafuta. Seli 410 kwenye mraba mkubwa mmoja, zidisha kwa 10,000, ni milioni 4.1 kwa mililita. Mstari wangu ulidai milioni 2.3.

Na aliyeniingiza chaka ni kaka mmoja wa uzamivu: "Kilele kiko 680, dogo, soma penye kilele." Kilele cha nini, hakusema! Yeye alikuwa anapima klorofili, mimi nahesabu seli. Alimaliza, akavaa joho. Mimi nilikuwa bado naosha chupa.

Soma kwa 750. Hapo klorofili karibu haifyonzi kitu, unaona mwanga unavyotawanywa na seli. Ila 750 nayo usiiamini peke yake, maana seli zikivimba hutawanya mwanga tofauti. Kwa hiyo HESABU KWA DARUBINI, kila sampuli ukiweza, na ukichoka basi kila siku ya pili. Namba ya mashine ikivuka 0.4, izimue sampuli, kwa kimiminika kilekile cha kuoteshea, ambacho ndicho blanki yako pia (sampuli tupu ya kuiwekea mashine sifuri). Tikisa kyuveti, kile kichupa cha sampuli kinachoingia kwenye mashine, kabla ya kusoma, seli huzama ukiwa unajibu simu.

Kyuveti za plastiki zinafaa. Swali lako la tatu limenitoka, nilikuwa na hasira. Kahesabu leo kabla hujabadilisha kimiminika, namba ya siku ya sifuri, ya kuanzia, huipati tena kesho.