Nimepunguza ugali na wali, nakula mtaani kama kawaida na bado nakimbia: mambo ya kuzingatia

Niseme kabisa mwanzo, mimi sio wa kuacha nafaka, mi ni wa kupunguza. Ugali, wali, chapati, maandazi, mkate, tambi, vyote hivyo ni nafaka, na kwa siku ya kawaida ya mtu wa Dar vinapita mdomoni asubuhi mchana na usiku, chai na chapati, wali maharage, ugali wa jioni, alafu katikati kuna andazi la saa nne. Mimi sa hivi nafaka nakula mlo mmoja kwa siku, mara nyingi mchana, na kwa kiasi, milo mingine najaza vitu vingine. Nakula nje karibu kila siku ya kazi, na nakimbia, na nimeona hivi vitu vinaweza kukaa pamoja bila mtu kuteseka. Profesa Mohamed Janabi, yule daktari wa moyo, kipindi yupo hospitali ya Muhimbili aliongea sana habari ya kupunguza kula na kupunguza sukari na kiukweli aliamsha watu wengi, ila wengi niliowaona walipunguza bila kujua waweke nini badala yake, wiki haijaisha njaa imewashinda wamerudi palepale.

Nianze na kukimbia maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Ukikimbia kilomita moja unatumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako, kwahiyo mtu wa kilo 75 akikimbia kilomita 5 ametumia kama kalori 375 hivi. Chapati moja ya mtaani, ile nene iliyokandwa na mafuta, yenyewe tu inaweza kufika 250 au zaidi. Piga hesabu, supu na chapati mbili na soda juu yake, ile mbio yote imerudi na nyongeza. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 na kitu, ni karibu vijiko tisa vya chai, na hakuna mtu anayeweka vijiko tisa kwenye kikombe. Kwahiyo usikimbie ili ule. Kimbia kwa ajili ya moyo, presha, usingizi, kichwa kutulia, sukari kukaa sawa, hayo kukimbia kunakupa kweli kweli. Uzito unaamuliwa pale unapoagiza chakula, ndo maana nitakaa sana kwenye habari ya kuagiza.

Kuna swali huwa linakuja kila tukimaliza mazoezi, mbona Wakenya wanakula ugali kila siku na ndo mabingwa? Ni kweli wanakula, ila wale wanariadha wa kambi za Iten na Kaptagat wanakimbia kilomita 150 mpaka 200 na zaidi kwa wiki, kila wiki. Mwangalie Alphonce Simbu wetu alivyoshinda ubingwa wa dunia Tokyo Septemba 2025, saa 2:09:48, yaani kila kilomita kwa dakika 3 na sekunde 5 hivi mara arobaini na mbili, na mwisho kamshinda Mjerumani kwa sekunde 0.03. Mwili unaofanya kazi ya namna hiyo unahitaji wanga mwingi mno. Mimi na wewe tunaokaa kwenye kiti cha ofisi masaa nane na kukimbia kilomita 20 kwa wiki hatuwezi kula sahani ileile.

Sasa kula nje. Mahali pazuri kuliko pote pa kubadilisha sahani yako ni kwa mama ntilie, na watu wengi hawaamini nikiwaambia hivi, wanadhani kula vizuri ni mpaka uende mgahawa wenye menyu ya kizungu. Kwa mama ntilie unaongea na mtu anayepakua, hapo hapo, kijiko kiko mkononi mwake. Unasema tu, "Shikamoo mama, naomba wali nusu ya hiyo, maharage niongezee, na mchicha uwe mwingi." Ila mwambie kabisa kwamba bei ni ileile, manake asipojua atadhani unaomba punguzo na atakupunguzia kila kitu. Mama ninayekula kwake sa hivi nikifika tu anajua, wali kidogo, matembele au kisamvu au majani ya maboga kilichopo siku hiyo, na samaki. Na ukumbuke maharage, choroko, kunde, mbaazi, dengu sio nafaka, hizi ni jamii ya kunde, zina protini na nyuzinyuzi na zinashikilia tumbo mpaka jioni. Ukipunguza wali bila kuongeza maharage au samaki au mayai saa kumi utakuwa umeshika biskuti, nakuhakikishia.

Supu ya asubuhi mimi naipenda na sijaiacha. Supu ya mbuzi au ya kuku, ndimu, pilipili, alafu badala ya chapati mbili omba ndizi za kuchemsha au kipande cha muhogo, au chapati moja kama hamna kingine, haina shida. Kama kuna sehemu karibu yako wanapika mtori nenda kale, ndizi na nyama tupu, wenzetu wa Kilimanjaro walishamaliza hiyo kazi zamani.

Bar nako hakuna shida kubwa ukijua kuagiza. Nusu kilo ya mbuzi choma kwa watu wawili, ndizi choma mbili, kachumbari sahani kubwa, imetosha. Mwambie mchomaji apunguze chumvi kabla hajaweka nyama jikoni, sio baada, Shirika la Afya Duniani linasema mtu asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku na kile kilima cha chumvi wanachokuwekea pembeni ya sahani peke yake kinakaribia huko. Na bia nayo imetoka kwenye shayiri, kuna mtu anakataa ugali kwa heshima zote alafu anamaliza chupa nne, kila chupa ya nusu lita ina kama kalori 200. Nyama nyekundu kila siku pia sishauri, gauti ipo na inauma, weka samaki, kuku, dagaa, mayai, badilisha badilisha.

Chipsi mayai kuna ubishi. Ni viazi na mayai, nafaka hamna pale, lakini mafuta yale yamekaangia tangu mchana na viazi vimeyanywa. Mi nikiwa na njaa usiku na kibanda ni cha chipsi namwambia kaka nikaangie mayai matatu na hoho na kitunguu, mishkaki miwili, kachumbari, chipsi acha. Hajawahi kukataa mtu, ni biashara kwake.

Alafu bufee, za harusi, za semina, za kipaimara. Angalia wanavyopanga, pilau inaanza, wali mweupe, chipsi, ndizi, tambi, huko mwisho kabisa ndo nyama na mboga na hapo anasimama mtu anakupimia kipande kimoja. Ukifika kwake sahani imeshajaa nafaka na huna pa kuweka mchicha. Mimi nachofanya natembea kwanza kuangalia meza yote kabla sijashika sahani, naanza na kachumbari na mboga nusu ya sahani, nakuja kwenye nyama, mwisho ndo narudi kuchota pilau vijiko viwili vitatu. Pilau ya harusi kula, ni sherehe ya watu, sio lazima mlima.

Ugenini ni habari nyingine. Ukienda kwa bibi yako au kwa mama mkwe usianze kuhutubia habari za wanga, utamuumiza mtu aliyesimama jikoni tangu asubuhi. Pokea, nawa, kata tonge ndogo, kula mboga nyingi, sifia, omba uongezewe mboga. Mlo mmoja haujamharibu mtu. Na nyumbani kwako kama una watoto wanaokua usiwaondolee ugali kwa sababu wewe unapunguza, wao wanacheza kutwa nzima, wape, ila jaribu dona badala ya sembe nyeupe, sembe imeondolewa ganda na kiini ambako ndo kuna nyuzinyuzi na vitamini nyingi.

Gharama, najua ndo hoja kubwa, na sio uongo, unga unashibisha watu sita kwa hela ndogo kuliko kitu kingine chochote. Lakini ukiacha kufikiria nyama na jibini za supamaketi utaona dagaa, mayai, maharage, mchicha, bamia, nyanya chungu, parachichi la msimu, hivi ni vitu vya genge la hapo kona. Viazi vitamu, magimbi, mihogo na ndizi sio nafaka ila ni wanga vilevile, kwahiyo usitoe ugali mkubwa ukaweka magimbi makubwa ukasema umepunguza, navyo kiasi kiwe kama ngumi yako tu.

Wiki ya kwanza utaona mizani imeshuka haraka, kilo moja au mbili, usianze kutangaza. Mwili unatunza wanga kwenye misuli na ini, kama gramu 400 mpaka 500 hivi, na kila gramu inashikana na maji kama gramu 3, kwahiyo ukipunguza wanga yale maji yanatoka, unakojoa sana, na chumvi inatoka nayo. Ndo maana watu wanaumwa kichwa na kusikia uchovu siku za mwanzo. Kunywa maji, kunywa supu, usikimbie mbio kali wiki hiyo, tembea tu au kimbia polepole kiasi cha kuweza kuongea. Choo kikiwa kigumu, kula bamia, mlenda, papai. Na hili lisikilize vizuri, kama unatumia insulini au vidonge vya sukari kama glibenklamidi usipunguze wanga kabla ya kuongea na daktari wako, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka, hasa ukiongeza na mazoezi. Mwenye matatizo ya figo naye asijiongezee nyama nyama tu bila kuuliza.

Kukimbia kwenyewe, kwa joto la Dar amka. Saa 11 na nusu alfajiri uwe barabarani, ikifika saa 2 jua na unyevu vitakumaliza nguvu. Mi napenda Daraja la Tanzanite, tangu lifunguliwe 2022 limekuwa uwanja wetu, lina urefu wa kilomita 1 na kidogo na njia ya waenda kwa miguu, kwenda na kurudi umepata kilomita 2, upepo wa bahari unakupiga, kwahiyo hata kuhesabu hauhitaji saa ya bei mbaya. Ufukweni kimbia maji yakiwa yamekupwa, mchanga wenye unyevu unakuwa mgumu, ila ufuko una mteremko kuelekea baharini, ukienda upande mmoja muda mrefu goti moja litalalamika, geuza mapema. Kama huwezi peke yako ingia kikundi cha jogingi cha mtaani kwenu, karibu kila mtaa Dar una kikundi, wanaimba wanakimbia polepole na hakuna anayeachwa. Raba nunua hata za mtumba soko la Karume, kunja soli uone kama bado inarudi, bonyeza kisigino, kikiwa kimekufa au gundi imekauka acha hata kama juu inang'aa.

Kwa mbio za kilomita 5 mpaka 8 mi nakimbia tumbo tupu na maji glasi moja, usiku wake nimekula samaki na mboga, hamna shida yoyote. Ila ikifika kilomita 15 na kuendelea mambo yanabadilika, zile gramu za wanga kwenye misuli ndo zinakubeba na kama hukuziweka miguu inakuwa mizito ghafla na kichwa kinaanza kuelea. Kwahiyo jioni ya kabla ya mbio ndefu nakula wali au viazi vitamu vya kutosha, bila wasiwasi wowote, nafaka ina kazi yake na siku hiyo ndo kazi yake. Ukiwa umejiandikisha Kilimanjaro Marathoni kule Moshi, nusu marathoni ina mpando mrefu kuelekea Mweka, hapo usiende na mambo ya kupunguza. Siku mbili kabla ongeza wali, ndizi, viazi, mizani itapanda kidogo na ni maji tu, asubuhi, masaa mawili kabla mbio hazijaanza, kula ndizi mbivu mbili na chai, na maharage na mboga nyingi za majani ziache tangu jioni ya kuamkia mbio, tumbo linatakiwa liwe jepesi wakati wa kupanda.