Pesa yenye tarehe usiipeleke kwenye hisa

"Wakuu, hisa imeshuka, niuze au nivumilie?" Hili ndilo swali linalorudi kila wiki kwa sisi wenye vimtaji vidogo, na majibu huwa ni ya kubahatisha kwa sababu anayejibu hajui jambo moja la msingi: pesa hiyo ilikuwa na kazi gani, na lini. Kama ni ya kodi ya nyumba ya mwezi wa nne, utauza tu hata bei iwe mbaya kiasi gani, maana mwenye nyumba hangoji soko lipande. Kama haina kazi kwa miaka mitano, kushuka kwa wiki hii si jambo la kukukosesha usingizi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza hisa ipi au mfuko upi, gawa pesa zako kwa tarehe za matumizi.

Tuchukue mshahara wa shilingi 850,000 unaofika mkononi, Dar es Salaam. Kodi ni 150,000 kwa mwezi, lakini unailipa kwa mkupuo wa miezi sita, yaani 900,000. Ada ya mtoto ni 600,000 Januari na 400,000 Julai. Ukiigawa kwa miezi kumi na miwili ni kama 84,000 kwa mwezi. Hapo tayari una 234,000 ambazo si zako, ni za watu wawili wenye tarehe zao. Chakula 280,000. Nauli 80,000. Umeme, maji na vocha 60,000. Kikoba 50,000. Nyumbani kwa wazazi 40,000. Michango ya misiba na harusi 30,000, na hii iandike kabisa, usijidanganye kwamba mwezi huu hautachangishwa. Jumla ni 774,000. Zimebaki 76,000.

Hizo 76,000 ndizo mtaji wako halisi, na hata hizo zote si za hisa. Wengi wanakosea hapa: wanaiona ile 234,000 imelala kwenye simu, mwezi wa pili inakuwa 468,000, mwezi wa tatu 702,000, inaanza kuonekana kama mtaji. Halafu anatokea mtu anasema kampuni fulani inakaribia kutoa gawio, yaani kuwagawia wenye hisa sehemu ya faida.

Lakini kwanza madeni. Mikopo ya simu huwa na ada inayoonekana ndogo kwa sababu imeandikwa kwa mwezi au kwa siku. Ukikopa 100,000 na kutakiwa kurudisha 110,000 baada ya siku 30, umelipa 10,000. Laki hiyo hiyo ukiiweka kwenye mfuko unaozalisha asilimia 12 kwa mwaka, itakupa kama 1,000 kwa mwezi. Kulipa mkopo mmoja wa namna hiyo ni sawa na mapato ya miezi kumi ya uwekezaji. Mtu anayekopa kwenye simu kila tarehe 20 huku ananunua hisa kila tarehe 28 anapoteza pesa kila mwezi, na hakuna hisa itakayomwokoa. Amalize mkopo, kisha akae na akiba ya kumfikisha mwisho wa mwezi bila kubonyeza menyu ya kukopa. Akiba hiyo ndiyo faida yake ya kwanza.

Baada ya hapo, pesa yenye tarehe ya karibu itafutiwe mahali inapoweza kutoka haraka. Kwa Tanzania, wengi hutumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni inayokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Unaanza na shilingi 100,000 na kuongeza kuanzia 10,000, hakuna ada ya kuingia wala kutoka, na ukiomba kuuza vipande, yaani sehemu zako kwenye mfuko, malipo ni ndani ya siku tatu za kazi. Maneno "siku za kazi" yaangalie vizuri. Ukiomba Ijumaa, hesabu Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Msimu wa ada ndio unaowaumiza watu zaidi, kwa sababu kabla ya shule kufunguliwa Januari kuna Krismasi, Boksingi Dei na Mwaka Mpya, na tarehe 12 Januari ni Siku ya Mapinduzi. Ukichanganya na wikiendi, siku tatu za kazi zinaweza kuwa wiki nzima ya kalenda. Ada ya Januari iombe katikati ya Desemba na ikae benki. Mapato utakayoyakosa kwa wiki tatu hizo ni madogo mno ukilinganisha na mtoto kurudishwa getini.

Kagua pia jina la akaunti ya kupokelea. Malipo mengi hukwama kwa sababu jina lako la benki limeandikwa tofauti na lile la kitambulisho cha NIDA, au namba ya simu iliyosajiliwa ilishapotea. Jaribu kutoa kiasi kidogo mapema, shilingi 20,000 tu, uone zinafika wapi na kwa muda gani. Usisubiri siku ya shida ndipo ugundue akaunti yako ilifungwa.

Na jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: vipande vya mfuko si amana ya benki. Bodi ya Bima ya Amana inafidia mwenye amana hadi shilingi 7,500,000 benki ikifilisika. Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2023 kutoka 1,500,000. Kinga hiyo haihusu vipande, hisa wala hatifungani, yaani mkopo unaoipa serikali au kampuni. Haina maana kwamba mfuko ni hatari, ina maana usalama wake unatoka kwingine: kwenye aina ya mali ambazo mfuko umenunua, kwa mtunza dhamana anayeshikilia mali hizo na kwa usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, yaani CMSA. Soma ripoti ya mfuko uone pesa zimewekwa wapi.

Sasa hisa. Turudi kwa yule anayesema gawio limekaribia, maana mtego huu unanasa watu wenye akili zao timamu. Chukua mfano wa hisa ya shilingi 500 na gawio lililotangazwa la shilingi 50. Kwenye karatasi ni asilimia 10 kwa wiki chache. Una 200,000, unanunua hisa 400. Gharama za dalali, soko na wasimamizi zikijumlishwa huwa zaidi kidogo ya asilimia 2 ukinunua, na tena ukiuza. Tuweke 2 kamili kurahisisha. Umetoa 204,000. Gawio ni 20,000, kodi ya zuio kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni ni asilimia 5, unabaki na 19,000. Lakini baada ya tarehe ya mwisho ya kununua ukiwa na haki ya gawio kupita, bei hushuka, mara nyingi kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, kwa sababu anayenunua leo hapati tena ile 50. Ikishuka hadi 450 na ukauza, unapata 180,000, toa gharama 3,600, zinabaki 176,400. Ongeza 19,000 za gawio: 195,400. Umepoteza 8,600 na gawio umelipwa. Na hapo tumechukulia umepata mnunuzi.

Mnunuzi ndiye suala kubwa la Soko la Hisa la Dar es Salaam. Soko lilianza mauzo mwaka 1998 na kampuni moja, TOL, na mpaka leo mauzo mengi ya siku hukusanyika kwenye kampuni chache. Kuna hisa zinazoweza kukaa siku nyingi bila kununuliwa. Kwa hiyo usitazame bei peke yake. Fungua Hisa Kiganjani, programu ya simu ya soko hilo, au muulize dalali wako akupe orodha ya oda: wanaotaka kununua ni hisa ngapi na kwa bei gani, wanaotaka kuuza ni ngapi. Ukikuta wanunuzi wanataka hisa 300 kwa shilingi 480 na wauzaji wamepanga hisa 40,000 kwa 500, ile bei ya 500 uliyoiona kwenye simu ni matumaini ya wauzaji. Ukiwa na hisa 2,000 na shida ya haraka, mia tatu zitaondoka kwa 480, na zilizobaki utazishusha bei hadi mtu ajitokeze. Pesa nayo haifiki siku hiyo hiyo, kuna siku za kazi za kukamilisha malipo.

Kwa sababu hiyo weka oda yenye kikomo cha bei, ununue au uuze. Kwa kiasi kidogo, tuseme 26,000 kwa mwezi kati ya zile 76,000, uliza kwanza kama dalali ana kiwango cha chini cha ada, maana ada ya chini ya shilingi elfu kadhaa inakula faida ya mwaka mzima. Ni afadhali kukusanya kwenye mfuko miezi mitatu au minne, ukanunue mara moja. Na hata kampuni kubwa yenye jina kila mtaa haina ahadi: hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na aliyenunua akidhani atauza baada ya miezi sita kwa faida alijifunza kwa gharama maana ya kuvumilia.

Hatifungani za serikali zinapendwa na wengi kwa sababu malipo yake yanajulikana. Kiwango cha chini ni shilingi 1,000,000, minada ya Benki Kuu hufanyika Jumatano, na unaingia kupitia benki au dalali. Ulizia mapema wanafunga lini kupokea maombi, na pesa iwe tayari kwenye akaunti. Kuponi, yaani riba yake, hulipwa mara mbili kwa mwaka. Hapa watu huchanganya kuponi na faida. Hatifungani ya kwanza ya miaka 25, ya mwaka 2021, ilikuwa na kuponi ya asilimia 15.95. Mwaka 2022 viwango vya mpya vikashushwa, ya miaka 25 ikawa 12.56, na zile za zamani zikawa lulu, zikauzwa juu ya thamani yake ya usoni, yaani kiasi utakachorudishiwa muda wake ukiisha, siku ya kuiva. Tuseme unauziwa ya 15.95 kwa bei ya 120 kwa kila 100 ya usoni. Kila 1,000,000 ya usoni unailipia 1,200,000. Kuponi ya mwaka ni 159,500, yaani 79,750 kila baada ya miezi sita. Gawanya kwa ulichotoa: ni kama asilimia 13.3. Tena siku ya kuiva utarudishiwa 1,000,000, ile laki mbili ya juu hairudi. Kwa hiyo faida yake halisi ni chini hata ya 13.3. Muuzaji atakutajia 15.95. Mwambie akupe bei na faida hadi kuiva, akishindwa kukuambia, tafuta mwingine.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni kwamba viwango vipya vikipanda, hatifungani yako ya zamani hushuka bei. Ukiwa nayo hadi mwisho haikugusi. Ukilazimika kuuza kwa sababu ya ugonjwa au ujenzi, utauza kwa hasara. Milioni moja pekee uliyonayo duniani haifai kufungiwa miaka 25, hata kuponi iwe tamu namna gani.

Matapeli nao wanajua tunavyohangaika. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI, iliyokuwa ikichukua "mbegu" za watu na kuahidi mavuno makubwa; waliovuna mwanzoni walilipwa kwa mbegu za waliochelewa. Sura zimebadilika, leo ni programu ya simu na kazi ya kubonyeza matangazo, utaratibu ni ule ule. Ahadi ya asilimia 30 kwa mwezi itoshe kukufukuza. Kwa nyingine zote, angalia jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni ya CMSA, na ulipe kwenye namba ya malipo au akaunti yenye jina la taasisi. Anayetaka utume kwa namba ya simu ya mtu binafsi "ili akusaidie kuingiza", hata kama ni mtu wa kanisani au msikitini kwako, mkatalie kwa heshima na usirudi nyuma. Kikoba chako nacho kisajiliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi, na usajili unakurahisishia kudai mweka hazina akitoweka.

Mwisho, karatasi. Andika namba ya akaunti yako ya CDS, yaani ile inayotunza hisa zako, namba za mifuko, jina la dalali na benki inayopokea kuponi, umpe mwenzi wako au ndugu unayemwamini. Usimpe nywila, mpe orodha tu. Mtu akifariki, familia itahitaji barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na mahakama haiwezi kuwaonyesha mali ambayo hawajui kama ipo. Ukibadilisha benki au laini ya simu, peleka taarifa kwa dalali na kwa msajili wa hisa wiki hiyo hiyo, kwa fomu na nakala ya kitambulisho. Magawio mengi hukaa bila kuchukuliwa kwa sababu tu yalitumwa kwenye akaunti iliyokufa, na kuyadai baadaye ni usumbufu wa kufuatilia kampuni moja moja.