Grupu limejaa, Haiku hawatumii

SWALI: Nina grupu la wapenzi wa Haiku, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, tuko 214 lakini walioiweka kwenye mashine ni watano tu. Kuna jamaa anataka nimlipe aitangaze kama mbadala wa Windows usioshika virusi ili watu waongezeke. Nimpe hela?

JIBU: Usimpe hata mia. Swali hili naletewa kila mara, na kinachoniuma ni watu kudhani jamii ni wingi wa namba za simu. Kampuni ya Palm iliponunua mali za Be mwaka 2001, mfumo wa Be ulioitwa BeOS ukabaki yatima, na waliojitolea kuuandika upya, ndo ikawa Haiku, walikuwa wachache tu ila kila mmoja alikuwa na kitu anachokishika, huyu kernel (kiini cha mfumo), yule mfumo wa mafaili. Beta (toleo la majaribio) ya kwanza imetoka 2018, ya tano 2024, yaani wenyewe bado wanaiita beta halafu mtu wa matangazo anakwambia ni mbadala wa Windows! Mtu atamwamini, atafuta diski yenye kazi zake, jioni printa haionekani na Wi-Fi haipo, huyo humpati tena maisha.

Hao watano ndo mtaji wako. Lazima yuko ambaye laptop yake ikiwaka zile aikoni zinawaka moja moja mpaka roketi ya mwisho halafu inaganda hapo hapo. Kaa naye. Awashe upya akishikilia Shift, kama ni UEFI (namna ya kuwaka ya mashine za kisasa) agongegonge Space, menyu ikitokea achague draiva ya grafiki ya dharura. Ikifunguka aingie Terminal aandike listdev (inaorodhesha vifaa vya mashine), matokeo yake pamoja na faili la syslog (kumbukumbu za mfumo) ayaambatanishe kwenye tiketi ya hitilafu ya mradi, na umsaidie kuiandika kama Kiingereza kinamsumbua. Developa akimjibu tu, huyo mtu ni wenu. Mwingine anayejua kodi kidogo mpe resipe moja ya HaikuPorts (hazina ya maelekezo ya kujengea programu za Haiku), programu iliyopitwa na toleo aisasishe. Wapya nao waanzie kwenye flashi bila kugusa diski, na muwaambie mapema kwamba draiva nyingi za Wi-Fi zimetoka FreeBSD, mfumo mwingine huria, kwa hiyo sio kila kadi itashika.

Ila wanaonikera zaidi ni wale wanaobadilisha picha ya ukutani na logo, wanaipa jina jipya, kisha wanasambaza ISO (faili la kusakinishia) yao kuwa ni mfumo walioutengeneza wenyewe. Ikiharibika hakuna wa kuuliza, na ndani wameweka nini hujui. Hata ReactOS, mfumo huria unaoiga Windows, ambayo wenyewe wanasema ni alpha (changa hata kuliko beta), nimeona mtu anaenda kuiuza kwenye shule kama Windows ya bure, mwalimu akaweka matokeo ya wanafunzi humo. ISO ichukueni kwa mradi wenyewe, na anayekuja grupuni kuuza ya kwake mtoe siku hiyo hiyo, hata kama mtabaki kumi.