Mawe ya maegesho, njia na maua: usianze na rangi

Mkuu, umeuliza kama yale mawe meupe ya mviringo uliyoyapenda yanaweza kumwagwa kuanzia getini, kwenye maegesho, njia ya kwenda mlangoni mpaka kwenye maua, ili uwanja wote ufanane. Kwa uzoefu wangu wa kuhangaika na nyua, changu na za ndugu: kwenye maua sawa, njiani kwa masharti, kwenye gari hapana.

Nianze na gari, maana ndiko mzigo mkubwa wa mawe unakoishia. Jiwe la mviringo halina kona, kwa hiyo halina pa kushikana na mwenzake. Shindilia utakavyo, litabaki linateleza tu. Shemeji yangu anayo hayo hayo. Pale gari linapokata kona kuingia, tairi zimechimba mifereji miwili mpaka udongo unaonekana, na mawe yenyewe yamehamia kwenye majani, ambako mashine ya kukatia majani inayarusha hovyo. Kila mara yuko na reki anayarudisha. Kokoto ya kuvunjwa, yenye kona kali, inabanana. Juu weka ya robo tatu inchi, yaani kama milimita 20, unene wa sentimita 4 au 5 tu. Ukizidisha, tairi linazama.

Ila kokoto ya juu ni pambo. Kinachobeba gari ni tabaka la chini: mawe yaliyovunjwa ya saizi mchanganyiko pamoja na vumbi lake, yakishindiliwa yafike sentimita 15 hivi, na zaidi kama udongo wako ni mfinyanzi. Usimwage yote kwa mkupuo. Mwaga nusu, nyunyiza maji kidogo, shindilia, ndipo umalizie. Fundi akikwambia kokoto ikae juu ya udongo mtupu, jua mvua zikianza itamezwa.

Njia ya miguu inataka kokoto ndogo, nusu inchi au chini yake, maana kubwa zinapinda kifundo cha mguu na toroli halisukumiki. Ile ya robo inchi inapendeza na inakanyagika vizuri, lakini inanasa kwenye soli na utaikuta sebuleni. Hatua chache za mwisho kabla ya mlango weka mawe bapa, kokoto ibaki pembeni. Kama nyumbani kuna mzee wa mkongojo au mtu wa kiti cha magurudumu, achana kabisa na mawe yaliyo huru kwenye hiyo njia, hata ya mviringo uyapendayo. Weka mawe bapa mwanzo hadi mwisho.

Sasa hayo meupe yako. Chukua moja, lioshe, likauke, likwaruze kidogo kisha lidondoshee siki. Likitoa mapovu, ni jamii ya chokaa au marumaru. Si mawe mabaya, ila yanapunguza uasidi wa udongo polepole. Mimea inayopenda udongo wenye asidi inaanza kugeuka manjano huku mishipa ya jani ikibaki kijani, na watu wanakimbilia mbolea. Mimea mingi mingine haijali. Usiyaweke chini ya mti unaopukutisha majani, utakuwa mtumwa wa ufagio. Popote utakapoyaweka, acha nafasi kuzunguka shina, unyevu usije ukaliozesha.

Kabla lori halijamwaga, omba sampuli. Tia konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri kidogo. Maji yakiwa mazito kama uji, mawe hayo yatabaki machafu uwanjani na tope lake litaziba njia ya maji. (Kwa tabaka la chini vumbi unalitaka, usimfukuze dereva bure.) Kisha gonganisha mawili. Yakimeguka mkononi au yakiacha unga, hayatahimili tairi.

Chini ya mawe ya njia na maua tandika kile kitambaa cha kuchuja kinachopitisha maji, si nailoni. Nailoni inafanya maji yatuame na kunuka. Usitarajie kitambaa kimalize magugu, mbegu zinaota juu yake kwenye vumbi linalokusanyika, ila mawe hayatazama udongoni. Kingo za matofali au mawe ni lazima, la sivyo kila kitu kitatambaa. Na ardhi iinamie mbali na ukuta wa nyumba, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita.

Kiasi cha kuagiza: zidisha urefu, upana na unene, vyote kwa mita. Njia ya mita 12 kwa 1.2, unene sentimita 5, ni 12 × 1.2 × 0.05, yaani mita za ujazo 0.72. Mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa kama tani 1.5 hadi 1.6, kwa hiyo utahitaji zaidi kidogo ya tani 1. Ongeza sehemu ya kumi na uchukue yote kwa mkupuo, kwa sababu mzigo wa baadaye, hata ukitoka machimbo yale yale, unaweza kuja na rangi tofauti. Ukinipa vipimo vya maegesho na aina ya udongo wako nitakupigia hesabu ya tabaka la chini.