"Will" au "going to"? Wingu la ziwani lina jibu

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini ulikatwa alama kwa kuandika "It will rain" chini ya picha ya wingu jeusi. Naona ni ukali, maana unaeleweka kabisa. Ila "-ta-" yetu inabeba mengi ambayo Kiingereza kinayagawa.

Simama mwaloni Kirumba: wingu limetanda juu ya ziwa, upepo umegeuka, wanaoanika dagaa wanakimbilia kuanua. Dalili iko machoni, kwa hiyo "It's going to rain." Vivyo hivyo kwa jambo uliloliamua tangu jana. "Will" ni ya uamuzi wa papo hapo: mama kalemewa na ndoo, unadakia, "I'll help you." Ratiba ya feri ya Nansio, tuseme saa tatu asubuhi, haihitaji hata kimoja: "The ferry leaves at nine."

Kosa ninalokutana nalo zaidi madaftarini ni "When the ferry will arrive". Linatokana na "itakapofika". Wewe waza "ikifika", isiyo na "-ta-", na utaandika sawasawa: "When the ferry arrives, I'll call you."