Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inayosahau Tarehe na Ruta Mbili Zinazogombana

Barua nilizopokea mwezi huu zinashabihiana kwa jambo moja linalonisikitisha: wengi wa walioziandika walikuwa wameshatoa fedha mfukoni kabla ya kuuliza. Mmoja amenunua programu asiyoihitaji, mwingine amenunua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, na tatizo limebaki pale pale. Nimechagua barua nne, nami nitajaribu kueleza si dawa tu, bali pia namna ya kujua tatizo limeanzia wapi, kwa sababu kipimo cha dakika tano mara nyingi humwokoa mtu na gharama ya mwezi mzima.

*Ndugu Fundi, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Kompyuta ya mezani tunayotumia kuandalia mitihani hukataa kufungua barua pepe na tovuti nyingi kila Jumatatu asubuhi, ikituandikia kwamba muunganisho si salama, ilhali simu yangu iliyo kwenye mtandao huo huo inafungua kila kitu. Tumebadilisha kivinjari na kununua programu ya kuzuia virusi. Sasa tumeshauriwa tufute kila kitu na kuweka Windows upya. Je, tufanye hivyo?*

Mwalimu, tafadhali msifute chochote. Jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe, katika maneno "kila Jumatatu". Bila shaka siku ya Ijumaa ofisi inapofungwa kuna mtu mwangalifu anayezima swichi ya ukutani, na hapo ndipo kompyuta yenu inapobaki bila umeme kabisa kwa siku mbili. Kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini bado imechomekwa kwenye umeme huendelea kupata umeme mdogo unaotosha kuendesha saa yake. Umeme huo ukikatwa, saa hutegemea betri ndogo ya duara iliyo juu ya madabodi, yaani bodi kuu iliyo ndani ya kompyuta, na betri hiyo ikiwa imekufa, kompyuta huamka ikidhani ni tarehe mosi Januari ya mwaka fulani wa zamani.

Sasa, kila tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta, na kompyuta inayoamini kwamba bado ni mwaka 2012 itakiona cheti cha mwaka huu kuwa hakijaanza kutumika, hivyo itakikataa. Simu yako haisumbuki kwa sababu inapata saa sahihi kutoka kwenye mtandao. Jumatatu ijayo, kabla ya kufungua kitu kingine chochote, tazama tarehe iliyo kwenye kona ya chini ya skrini. Ikiwa imerudi nyuma, umeshapata ugonjwa.

Betri yenyewe huandikwa CR2032, ikiwa na upana wa milimita 20, unene wa milimita 3.2 na nguvu ya volti 3, na hupatikana katika maduka ya saa na ya vifaa vya umeme. Kabla ya kuitoa, ingia kwenye mipangilio ya awali ya kompyuta, ile inayofunguliwa kwa kubonyeza Del au F2 mara tu inapowaka, upige picha kurasa zake kwa simu, hasa ukurasa unaoonyesha namna diski ilivyounganishwa. Kwenye kompyuta za zamani mipangilio hiyo nayo hupotea, na mtu asiyekumbuka ilivyokuwa huishia kuambiwa kwamba diski haionekani. Kisha chomoa waya wa umeme, fungua kasha, sukuma kishikizo cha pembeni kwa ncha ya bisibisi, na betri itaruka yenyewe juu. Mpya huwekwa upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Ile ya zamani usiiache mezani hata kidogo ikiwa kuna watoto, kwa sababu betri ya namna hiyo ikimezwa huunguza koo kwa muda mfupi sana.

Huenda utauliza kwa nini Windows haikujirekebisha yenyewe kupitia intaneti. Kwa kawaida huduma yake ya saa haikubali kurekebisha tofauti inayozidi saa 15, kwa hiyo mara ya kwanza ni lazima uweke tarehe kwa mkono. Hapo kuna kosa nililoliona mara nyingi: kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, si kuanzia alfajiri kama tunavyohesabu sisi, hivyo saa mbili asubuhi huandikwa 8:00. Chagua pia majira ya Nairobi, ambayo ndiyo ya Tanzania, Kenya na Uganda.

*Fundi, habari za kazi. Nina duka la steshenari hapa Morogoro lenye kompyuta sita na printa moja. Nilinunua ruta ya pili ili wateja wanaokaa barazani nao wapate Wi-Fi, nikaiunganisha kwa kebo na ile ya zamani. Tangu siku hiyo baadhi ya kompyuta zina intaneti na nyingine hazina. Nikizima na kuwasha, iliyokuwa nzima inakosa na iliyokosa inapata. Nimeongeza kifurushi lakini hakuna nafuu. Mama mwenye steshenari.*

Mama, pole sana, na kifurushi cha zamani kilikuwa kinatosha. Ruta zako mbili zinagombea kazi moja.

Kompyuta inapowashwa haina anwani. Hupaza sauti kwenye mtandao mzima ikiuliza nani atakayeipa anwani, na ruta ndiyo inayojibu, ikiipa namba pamoja na maelekezo ya lango la kupitia kwenda intaneti. Katika duka lako sasa wako wawili wanaojibu. Ni sawa na makondakta wawili wanaoita abiria katika kituo kimoja, mmoja akiwa na daladala iliyo tayari kuondoka na mwingine akiwa na gari lisilo na injini. Abiria hupanda la yule aliyemwita kwanza, ndiyo maana kila ukizima na kuwasha bahati inahama.

Usiniamini kwa maneno tu, thibitisha mwenyewe. Nenda kwenye kompyuta isiyo na intaneti, fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, kisha andika ipconfig na ubonyeze Enter. Tazama mstari wenye neno IPv4, yaani anwani ya kompyuta, na ule wenye maneno Default Gateway, yaani lango. Rudia kwenye kompyuta yenye intaneti, uandike namba zote mbili kwenye karatasi. Tuseme nzima inaonyesha lango 192.168.1.1 na mbovu inaonyesha 192.168.0.1: hapo umemwona kondakta wa pili kwa macho yako. Ikiwa anwani inaanza na 169.254, maana yake ni tofauti, kwamba hakuna aliyejibu kabisa na kompyuta imejipa anwani yenyewe. Hapo kagua kwanza kebo na swichi ya mtandao, yaani kile kisanduku kinachounganisha kebo za kompyuta, usiguse mipangilio ya ruta. Na ikiwa ruta zote mbili zimetoka kiwandani na anwani moja ya 192.168.1.1, malango yatafanana, na utakachoona ni mtandao unaoyumba tu bila mpangilio.

Dawa ni kuiacha ruta ya zamani peke yake igawe anwani. Chomoa ile mpya kutoka kwenye mtandao, iunganishe na kompyuta moja tu, ufungue ukurasa wake wa mipangilio. Badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2, ikiwa ile ya zamani ni 192.168.1.1 kama katika mfano wangu, kisha zima huduma inayoitwa DHCP, ambayo ndiyo inayogawa anwani. Fuata mpangilio huo, kwa sababu ukianza kuzima DHCP kompyuta yako inaweza kukosa anwani ukiwa bado hujamaliza kazi. Halafu irudishe kwenye mtandao kwa kuchomeka kebo katika moja ya matundu ya kawaida yaliyokaa pamoja, si lile tundu la pekee lenye rangi tofauti lililokusudiwa kupokea intaneti. Tundu hilo liache wazi. Baadhi ya ruta zina chaguo moja linalofanya kazi hii yote, likiitwa Access Point, ukiliona, lichague.

Ukimaliza, zima na kuwasha kompyuta zote, kisha pima kwa hatua kutoka karibu kwenda mbali. Katika dirisha lile lile la amri, andika ping 192.168.1.1, amri inayobisha hodi kwenye anwani hiyo na kungoja jibu: ikijibu, njia ya ndani ya duka ni nzima. Andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje kwenye intaneti: ikijibu, njia ya kwenda nje nayo ni nzima. Mwisho andika ping na jina la tovuti yoyote unayoitumia. Ikiwa namba imejibu lakini jina halipatikani, kilichobaki ni huduma ya kutafsiri majina, nawe unaweza kuweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 katika sehemu ya DNS kwenye ruta ya zamani. Watu wengi hupiga simu kwa mtoa huduma bila kujua njia imekatika wapi, wakaambiwa wazime ruta na kuiwasha, basi mazungumzo yakaishia hapo. Ukimwambia kwamba lango linajibu lakini 8.8.8.8 haijibu, atajua kwamba tatizo halimo ndani ya duka lako.

Yako mambo mawili ya kumalizia. Printa yako huenda ina anwani ya kudumu iliyowekwa kwa mkono. Hakikisha haimo ndani ya namba ambazo ruta inazigawa, la sivyo siku moja kompyuta itapewa anwani ile ile na uchapaji utakwama wakati foleni ya wanafunzi ni ndefu. Na Wi-Fi za ruta mbili zilizo jirani zisitumie chaneli moja: katika masafa ya 2.4 GHz, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, kwa hiyo ipe moja 1 na nyingine 11.

*Ofisi yetu ya uwakala wa forodha Mombasa inalipia intaneti ya Mbps 300. Kompyuta zote zinaifikia isipokuwa moja tu, ambayo haivuki 95 hata usiku. Fundi aliyekuja anasema tununue kompyuta mpya. Ni kweli?*

Ndugu yangu, 95 si namba ya kubahatisha. Ni kasi ambayo mtu huipata kwenye muunganisho wa Mbps 100, yaani megabiti 100 kwa sekunde, ukiondoa ile sehemu inayoliwa na uendeshaji wa mtandao wenyewe. Kebo ya mtandao ina nyaya 8 ndani yake. Kasi ya Mbps 100 hutumia 4 tu kati ya hizo, zilizo kwenye pini 1, 2, 3 na 6, lakini kasi ya Mbps 1000 huzihitaji zote 8. Waya mmoja kati ya ile mingine minne ukikatika, kompyuta na swichi hukubaliana kimya kimya kushuka hadi 100, na hakuna taa inayowaka kukuarifu.

Hamisha kebo ya kompyuta jirani uichomeke kwenye hii. Kasi ikipanda, kompyuta haina kosa lolote. Katika mji wa pwani kama wenu ningeanza kutazama ncha za kebo: pini za shaba zenye ukungu wa kijani zimeliwa na hewa ya chumvi, na dawa yake ni kukata ncha hiyo na kubana mpya. Tazama pia palipopita chini ya meza, ambapo miguu ya viti hukanyaga na panya hutafuna. Ikiwa hata kwa kebo nzima kasi haipandi, jaribu tundu jingine kwenye swichi. Kadi ya mtandao inaweza kuwa ya zamani isiyovuka 100, lakini hata hivyo hubadilishwa kadi peke yake.

*Ndugu yangu aliyeko Marekani ametuletea kompyuta ya mezani ndani ya kontena, imefika Unguja wiki hii. Mwanangu anataka kuiwasha leo. Kuna la kuangalia?*

Lipo, na nashukuru umeuliza kabla. Nyuma ya kasha, karibu na tundu la waya wa umeme, tazama kama kuna swichi ndogo, aghalabu nyekundu, yenye maandishi 115 na 230. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na wetu ni wa volti 230. Kompyuta iliyoachwa kwenye 115 ikichomekwa hapa kwetu hulipuka mle ndani ya kifaa chake kinachopokea umeme (power supply) kwa mlio mmoja, na harufu yake haisahauliki. Isogeze iende 230 kwa ncha ya bisibisi ikiwa waya haujachomekwa. Ikiwa hakuna swichi, soma kibandiko: kikiwa na maneno 100–240 V, kifaa hujirekebisha chenyewe, kikiwa na 115 V peke yake, usiiwashe, kibadilishwe kwanza. Soma pia kibandiko cha monita na cha spika, kwa maana spika za zamani mara nyingi huja na chaja ya volti 120 tupu.

Baada ya safari ya bahari iache chumbani siku nzima ikiwa imefunguliwa kasha, ili unyevu ukauke. Kisha bonyeza kwa kidole vijiti vya kumbukumbu (RAM) na kadi zote zikae barabara, kwa sababu mtikisiko wa safari huzilegeza, na kompyuta inayolia milio bila kuonyesha picha mara nyingi haina kosa zaidi ya hilo. Ikishawaka, kaa karibu nayo kwa saa nzima ukisikiliza kama feni inazunguka bila kukwaruza, ndipo umwachie mtoto.