Kubadilisha ubao mama wa kompyuta yenye BitLocker
Ndugu fundi, umeuliza kwa nini kompyuta ya mezani ya mteja wako wa Kariakoo inadai ufunguo wa BitLocker, yaani kinga ya Windows inayofunga data za diski kwa siri, tangu ulipoibadilishia ubao mama (motherboard). Diski haijaharibika: siri inayoifungua ilifungwa na TPM, chipu ya kutunza siri za usalama, iliyo kwenye ubao wa zamani, na ubao mpya hauna siri hiyo. Mwombe mteja atafute ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 katika akaunti yake ya Microsoft, au kwa msimamizi wa kompyuta wa ofisi yao. Nakusihi usifute diski kabla ya hapo, kwani kumbukumbu zake hazitarudi. Ubao wa zamani, kama bado unawaka, usiutupe, maana huenda ukaifungua diski hiyo. Safari nyingine, sitisha BitLocker kabla ya kushika bisibisi.